Lugha ya utafiti ilipoingia darasa la mwaka wa kwanza: uchambuzi wa kisa

Kisa hiki kinamhusu profesa wa sayansi ya kompyuta katika chuo kikuu cha umma Afrika Mashariki. Jina lake, chuo, miaka na kila kinachoweza kumtambulisha yeye au wanafunzi wake vimeondolewa. Nimekiandika kama mtu aliyekuwa katika idara hiyo, upande wa maabara, kwa ajili ya wahadhiri wenzangu ambao utafiti wao na darasa lao vinakaribiana kiasi cha kushawishika kuviunganisha.

## Usuli

Profesa alisomea shahada ya uzamivu nje ya nchi na kubobea katika lugha za programu, hasa mifumo ya aina. Hizi ni kanuni ambazo kompaila, yaani chombo kinachotafsiri msimbo ulioandikwa na mtu kuwa lugha ya mashine, huzitumia kukagua programu kabla haijaendeshwa, ili nambari isije ikatumika kama maandishi wala maandishi kama nambari. Kitaaluma amekulia katika ukoo wa ML, lugha iliyozaliwa Edinburgh miaka ya 1970 chini ya Robin Milner. Katika lugha za ukoo huo mwandishi halazimiki kutaja aina ya kila kitu. Kompaila huangalia jinsi kitu kinavyotumika, kisha hubaini yenyewe kama ni nambari, maandishi au orodha.

Aliporudi nyumbani alipewa kozi mbili: ya kompaila kwa mwaka wa nne, na utangulizi wa programu kwa mwaka wa kwanza, uliokuwa ukifundishwa kwa lugha ya C. Muda uliobaki aliutumia kwenye utafiti wake. Alikuwa akijenga lugha ndogo ya ukoo wa ML, yenye maneno ya Kiswahili na ujumbe wa makosa wa Kiswahili, na ilikwisha kufika mahali pa kuendesha programu ndogo bila shida.

C ilitungwa na Dennis Ritchie katika Bell Labs mwanzoni mwa miaka ya 1970, na kazi yake kubwa ya mwanzo ilikuwa kuandikia mfumo endeshi wa Unix. Waliokuwa wakiitumia walijua kumbukumbu ya mashine inavyopangwa. Haikukusudiwa kijana ambaye wiki iliyopita ndiyo kwanza ameshika kibodi. Hata hivyo imedumu katika mitaala yetu kwa sababu za maana: kompaila zake ni za bure, wahadhiri karibu wote wanaijua, inamfundisha mtu jinsi mashine inavyofanya kazi, na madesa yake yamejaa kila bweni.

## Alichokiona maabara

Profesa hakuwa mtu wa kukaa ofisini na kuwaachia wasaidizi mazoezi. Alikuwa akizunguka kati ya meza akisoma skrini za wanafunzi. Makosa matatu aliyakuta kila kipindi.

La kwanza ni hili:

`int umri;`
`scanf("%d", umri);`

Alama ya & imesahaulika kabla ya jina umri. Badala ya kuipa scanf, amri inayosoma anachoandika mtumiaji, anwani ya mahali pa kuweka jibu, mwanafunzi ameipa thamani yoyote iliyokuwamo humo. Programu inakubaliwa na kompaila, inaendeshwa, mtumiaji anaandika umri wake, kisha programu inakufa bila maelezo.

La pili ni kuandika `if (x = 5)` badala ya `if (x == 5)`. Hapo x inapewa thamani ya 5 papo hapo, na sharti linakuwa kweli siku zote.

La tatu ndilo lililomsumbua kuliko yote. Mwanafunzi ameagizwa kutafuta wastani wa alama mbili, 7 na 8. Ameandika:

`int a = 7, b = 8;`
`double wastani = (a + b) / 2;`

Jibu linatoka 7.0. Mwanafunzi anajua kwa kichwa kwamba ni 7.5, na msimbo wake unasomeka sawasawa na hesabu ya darasa la saba. Kilichotokea ni kwamba a, b na 2 zote ni nambari kamili, kwa hiyo mgawanyo unafanywa kwa nambari kamili na sehemu ya desimali inatupwa kabla jibu halijafika kwenye wastani. Kompaila haikusema neno. Msichana mmoja aliyekaa nyuma ya maabara aliongeza mstari unaojumlisha 0.5 mwishoni, akapata 7.5, akaenda kwenye zoezi linalofuata.

Profesa aliusimulia mstari ule wa 0.5 kwa wiki kadhaa, kila alipokutana na mtu. Aliona mtoto mwenye akili timamu akifundishwa kwamba kompyuta hubembelezwa mpaka itoe jibu linalopendeza. Nilikubaliana naye wakati ule, na mpaka leo nakubaliana naye.

## Uamuzi wa kwanza: kuiondoa C

Katika kikao cha idara, Profesa alipendekeza kozi ya mwaka wa kwanza ifundishwe kwa lugha yake ndogo. Alitoa sababu nne. Makosa yale matatu yasingewezekana humo kwa sababu lugha haikuwa na viashiria, yaani vitu vinavyobeba anwani ya mahali kwenye kumbukumbu, usawa ulikuwa na alama moja tu, na kugawanya kulitoa desimali. Ujumbe wa makosa ungesomeka. Mwanafunzi aliyejifunzia C nyumbani na yule aliyetoka shule isiyo na kompyuta wangeanzia mahali pamoja. Tena darasa lingempa njia ya kuipima lugha yake kwa watu halisi, jambo ambalo utafiti wake ulikuwa unalihitaji.

Aliwakumbusha wajumbe kwamba mwaka 2001, Chuo Kikuu cha Texas kilipotaka kuhama kutoka Haskell, lugha inayofanana na za ukoo wa ML, kwenda Java katika kozi ya mwanzo, Edsger Dijkstra mwenyewe, mwanasayansi maarufu wa kompyuta, aliandika barua kuomba Haskell ibaki. Hoja ilipokelewa kwa heshima. Mhadhiri wa kozi ya miundo ya data, inayofuata mwaka wa pili, aliuliza wanafunzi watajifunzia wapi viashiria kabla ya kufika kwake. Akajibiwa kwamba patawekwa wiki za mwisho za muhula kwa kazi hiyo. Mkuu wa idara akaruhusu kwa majaribio.

Hakuna aliyeuliza kuhusu ile sababu ya nne.

## Muhula wenyewe

Wiki za mwanzo zilikwenda vizuri kuliko nilivyotarajia. Kufikia zoezi la wastani, wanafunzi walikuwa wakiandika fanksheni ndogondogo, yaani vipande vya programu vinavyofanya kazi moja moja, zenye majina yanayoeleweka na kuzipima moja moja. Kwa C, wakati kama huo huwa bado tunagombana na nukta-mkato. Maswali yao yalihusu tatizo lenyewe: wanafunzi wasiofanya mtihani wahesabiwe vipi kwenye wastani? Mwalimu wa programu hufurahi sana kuulizwa swali la namna hiyo.

Kisha zikaja fanksheni zinazoita fanksheni nyingine, na lugha ikaonyesha udhaifu wake. Zoezi lilikuwa kuhesabu bei ya bidhaa dukani. Mwanafunzi mmoja aliandika mstari wa 3 hivi:

`bei(bidhaa, idadi) = bidhaa * idadi`

Alichanganya jina la bidhaa na bei ya kipande kimoja. Mstari wa 9 akaandika `bei("sukari", 3)`. Kompaila ikabaini kutokana na alama ya kuzidisha kwamba bidhaa lazima iwe nambari, ikaridhika na mstari wa 3, kisha ilipofika mstari wa 9 ikalalamika kwa Kiswahili safi: "sukari" ni maandishi, hapa panahitajika nambari. Kila neno la ujumbe huo lilikuwa kweli. Mwanafunzi akautii. Akafuta "sukari", akaweka 1, malalamiko yakaisha, programu ikatoa 3. Bei ya kilo tatu za sukari ikawa shilingi tatu.

Nilimwita Profesa. Aliisoma skrini akiwa amesimama, akavuta kiti, akamwambia kijana amweleze alivyofikiri hatua kwa hatua. Walikaa pale mpaka kipindi kikaisha.

Nje ya maabara mambo yalikuwa magumu zaidi. Lugha ilikuwa kwenye kompyuta za maabara peke yake, na wengi hawakuwa na laptopu. Waliosoma C miaka iliyotangulia walikuwa wakifanyia mazoezi kwenye simu, kwa sababu zipo programu za simu na kurasa za intaneti zinazoendesha C bila gharama. Hawa hawakuwa na kitu cha kufanyia mazoezi usiku. Hapakuwa na kitabu wala desa, na kaka na dada zao wa mwaka wa pili hawakuweza kuwasaidia. Ukikwama Ijumaa jioni, unakwama mpaka Jumatatu. Nako maabara, wasaidizi waliokuwa wakiifahamu vizuri lugha hiyo walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Kompaila yenyewe ilikuwa ya utafiti. Mara nyingine ilianguka yenyewe, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hana njia ya kujua kama kosa ni lake au la chombo. Akishaanza kukishuku chombo, haamini tena hata ujumbe ulio sahihi.

Katikati ya muhula kiongozi wa darasa alifika ofisini na wenzake wawili.

"Shikamoo Prof."

"Marahaba. Karibuni, kaeni."

Walianza kwa kumshukuru. Kisha wakatoa mambo matatu yaliyoandikwa kwenye karatasi. Wanaomba mahali pa kufanyia mazoezi nje ya maabara. Wanauliza, wakienda mafunzo kwa vitendo na wakaulizwa wanajua lugha gani, waseme nini? Na la tatu, ambalo kiongozi alilisoma bila kuinua macho: wenzao wanaogopa kusema lugha ni ngumu, kwa kuwa aliyeitunga ndiye anayesahihisha mitihani.

## Uamuzi wa pili

Profesa aliomba wiki moja. Njia zilizokuwapo ni tatu: kuendelea mpaka mwisho, kurudi C siku inayofuata, au kumaliza alichoanza kwa kukifupisha. Kurudi C ghafla kungewapotezea wanafunzi nusu ya muhula. Kuendelea kungewafikisha mwaka wa pili mikono mitupu. Alichagua kufupisha. Lugha ndogo ilisimamishwa wiki chache baadaye, kwenye mada ya orodha, na muhula uliobaki ukawa wa C, ukianza kwa kuandika upya programu zile zile walizokwisha kuandika. Aliwaandalia na madarasa ya Jumamosi kwa viashiria.

Kuhusu jambo la tatu hakusita. Mtihani wa mwisho ulisahihishwa na mhadhiri mwingine. Alitangaza darasani kwamba hatatumia msimbo wa mwanafunzi yeyote katika utafiti mpaka matokeo yatoke, na hata hapo kwa idhini ya mwenyewe kwa maandishi, na atakayekataa hataulizwa sababu.

Vilevile aliibadilisha lugha yake muhula ukiwa unaendelea. Kuanzia hapo kila kiingizi cha fanksheni kilipaswa kutajwa aina. Mstari wa 3 wa yule kijana ungeandikwa hivi:

`bei(bidhaa: maandishi, idadi: nambari) = bidhaa * idadi`

Sasa kompaila inalalamika kwenye mstari wa 3, penye kosa, kwa sababu maandishi hayazidishwi. Kwa mtu wa ukoo wa ML hili si jambo dogo. Uwezo wa kompaila kubaini aina bila kuambiwa ndio fahari ya ukoo huo, naye alikuwa ameutetea kwenye tasnifu yake.

## Matokeo

Mwaka uliofuata kozi ilirudi C moja kwa moja. Kundi la majaribio liliingia mwaka wa pili na sifa mbili zinazopingana. Mhadhiri wa miundo ya data alisema wanagawanya tatizo katika fanksheni vizuri kuliko wote aliowahi kuwafundisha, na kwamba wako nyuma sana kwenye viashiria. Waliopata sapu katika kozi yake walikwama hapo hapo. Madarasa ya Jumamosi yaliwasaidia waliohudhuria.

Kilichofuata kuhusu C kinafaa kuelezwa kwa undani. Msaidizi mmoja wa maabara aliyachukua makosa yale matatu ya mwanzo na kuyapitisha kwenye kompaila ya GCC akiwa amewasha maonyo kwa swichi ya `-Wall`. Mawili yalikamatwa papo hapo. GCC inasema kwamba `%d` inatarajia anwani ya nambari lakini imepewa nambari, na inaonya kuhusu `=` moja ndani ya `if`. Uwezo huo tulikuwa nao muda wote. Mashine za maabara zilikuwa zimepangwa kutafsiri msimbo bila maonyo, na karatasi ya maelekezo, inayorithishwa mwaka hadi mwaka, haikuitaja swichi hiyo. Kosa la tatu, la wastani, lilipita kimya hata maonyo yalipowashwa. Kwa mujibu wa kanuni za C, huo ni mgawanyo halali.

Profesa akahamishia kazi yake hapo. Yeye na wanafunzi wawili wa uzamili walijenga chombo kinachokaa kati ya mwanafunzi na GCC. Kinawasha maonyo, kinasoma ujumbe wa GCC, kinautoa kwa Kiswahili pamoja na mstari wa mwanafunzi mwenyewe, na kinaongeza ukaguzi wa mgawanyo. Lugha ndogo nayo ilihamia kozi ya kompaila ya mwaka wa nne. Huko wanafunzi wanaifungua, wanaisoma na kuiongezea sehemu, na ikianguka, kuitafutia sababu ndilo zoezi lenyewe.

## Uchambuzi

Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba utambuzi wake ulikuwa sahihi tangu mwanzo. Alikaa na wanafunzi, akaona makosa yanayojirudia, akakataa kuyaita uvivu. Wengi wetu tungeandika "wanafunzi hawasomi" kwenye ripoti na kwenda zetu. Kilichoharibika ni hatua iliyofuata: aliyatazama makosa matatu akaona hoja ya lugha nzima mpya, na lugha mpya ilikuwa tayari mezani kwake. Nadhani mtafiti mwingine asiye na lugha yake mwenyewe angeanza kwa kuangalia mipangilio ya kompaila.

Pili, lugha zilizofanikiwa kufundishia hazikwenda peke yake. John Kemeny na Thomas Kurtz walipoanzisha BASIC pale Dartmouth mwaka 1964, walianzisha pamoja nayo mfumo wa kugawana kompyuta moja kati ya watumiaji wengi, na wanafunzi waliruhusiwa kuutumia bure. Pascal ya Niklaus Wirth ilitoka mwaka 1970, na ilienea sana baada ya kompaila yake kutengenezwa kwa njia inayohamishika kwa urahisi toka mashine moja hadi nyingine. Kufikia mwaka 1983 Turbo Pascal ilikuwa ikiuzwa dola 49.95. Kundi lililoanzia Chuo Kikuu cha Rice miaka ya 1990, ambalo kazi yake leo tunaijua kama Racket, lilitengeneza lugha za wanaoanza, mazingira ya kuandikia, kitabu na mafunzo ya walimu kwa pamoja. Profesa wetu alikuwa na lugha tu. Yale mengine aliyachukulia kuwa yatafuata, na kwa mwanafunzi wa bwenini asiye na laptopu, yale mengine ndiyo kozi yenyewe.

Kundi la Rice linatufaa kwa jambo jingine pia. Liliigawa lugha katika ngazi baada ya kuona kwamba anayeanza hupewa ujumbe unaozungumzia mambo ambayo hajafundishwa. Hii ni njia ya kutoka darasani kwenda kwenye lugha. Katika kisa chetu njia hiyo ilifunguka siku ya bei ya sukari. Ugumu wa kompaila kulalamika mbali na kosa, pale inapobaini aina yenyewe, ni tatizo linalojulikana na kufanyiwa utafiti tangu miaka ya 1980. Profesa alikuwa amelisoma, na hata alikuwa akilifundisha mwaka wa nne. Lakini ilibidi amwone mtu akitii ujumbe wa kweli na kufika kwenye jibu la uongo ndipo akubali kulitolea kafara jambo alilolipenda. Kwa maoni yangu huo ndio utafiti bora aliowahi kuufanya, nao ulitokana na kijana wa mwaka wa kwanza aliyekubali kueleza alivyofikiri.

Tatu, suala la mamlaka. Mtu mmoja alikuwa mtunzi wa lugha, mwalimu, msahihishaji na mkusanyaji wa takwimu. Hata awe mwadilifu kiasi gani, mwanafunzi aliye chini yake hawezi kusema ukweli bila kuhofia alama zake, na takwimu za watu wenye hofu hazimfai mtafiti. Hapa idara nzima ilishindwa, kwa sababu suala hili lilikuwa mbele yetu kwenye kikao, kwenye ile sababu ya nne. Masharti aliyoyaweka Profesa katikati ya muhula yalipaswa kuwa sharti letu la kutoa ruhusa. Kwamba hatimaye liliinuliwa na vijana watatu wa mwaka wa kwanza wenye karatasi mkononi, ni heshima kwao.

Uamuzi wa kufupisha badala ya kukata ghafla ulifaa, na kilichoufanya ufae ni kuandika upya programu zile zile kwa C. Wanafunzi walikuwa wameshalitatua tatizo, ugeni ukabaki kwenye maandishi peke yake. Idara imeuhifadhi utaratibu huo: hadi leo kozi inaanza na zoezi linalofanywa kwa maneno kwenye karatasi kabla halijaandikwa kwa C.

Lililobaki bila ufumbuzi ni ukaguzi wa mgawanyo. Toleo la kwanza la chombo lilionya kila mahali nambari kamili inapogawanywa kwa nambari kamili, hata pale mwanafunzi anapogeuza dakika 135 kuwa saa na kweli anataka 2. Maonyo yalizidi, wanafunzi wakaacha kuyasoma. Sasa chombo kinaonya pale tu jibu la mgawanyo linapowekwa kwenye kigeu cha desimali, kama katika `double wastani = (a + b) / 2`. Njia hii inakamata mengi, lakini inamkosa anayehifadhi wastani kwenye `int` tangu mwanzo. Mmoja wa wanafunzi wa uzamili anajaribu kutumia majina yenyewe: kigeu kikiitwa wastani, asilimia au uwiano, chombo kiulize kabla ya kunyamaza.